Dirishani Hapo Unaona Nini?

Mvua iliyonyamazisha simu zote za Tabora ilinyesha mchana, saa za kazi, mimi nikiwa nimekaa kwenye kiti cha msimamizi na cheo ambacho mpaka leo kikitajwa nasikia kichefuchefu: kaimu. Kaimu Msimamizi wa Swichibodi. Asiyewahi kukaimu hajui. Ukaimu ni nguo ya kuazima. Watu watakuambia umependeza, na wewe mwenyewe utajiona umependeza, lakini kila ukiinama unaogopa isichanike.

Nilipewa ukaimu huo miaka michache baada ya Uhuru, yule bibi wa Kizungu aliyekuwa akituamuru alipofungasha vyombo vyake na kupanda treni. Kabla yangu hajawahi Mwafrika kukikalia kiti kile, mwanamke wa Kinyamwezi ndiyo kabisa. Tulikuwa wasichana wachache, wote tumetoka shule za masista, na sisi ndio tulioanza kupokea simu za mji ule kwa Kiswahili. Siku ya kwanza niliposema "Namba, tafadhali," mteja wa upande wa pili aliuliza kama kuna watu wamevamia ofisi. Nilimjibu ndiyo, tumevamia, na bado tunangoja namba yake.

Kwa hiyo mnielewe ninaposema kiti kile nilikitaka. Kuna watu hupenda kusimulia kwamba vyeo viliwafuata wenyewe nyumbani, wao wamejikalia tu. Mimi changu nilikitaka waziwazi, nikalala nacho na kuamka nacho, na nilijua fika kwamba kosa moja kubwa lingetosha kuninyang'anya.

Kosa lenyewe likaja na mvua. Paa la mabati upande wa stoo lilikuwa limeoza kwa kutu, nasi tulikuwa tumeandika barua za kuliombea paa hilo mpaka tukachoka. Siku ile upepo uliotangulia mvua ulilifunua jinsi mpishi anavyofunua sufuria aone kama wali umeiva. Maji yakaingia stoo, yakajaa katika kabati la kadi, yakapita chini ya mlango hadi chumba cha mitambo, na swichibodi yetu, ule mtambo wa kuunganishia simu, ikatoa cheche, ikanuka, ikafa. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi sikusikia mtu yeyote masikioni mwangu.

Niwaeleze kadi hizo zilikuwa nini, maana bila kadi hamtauelewa msiba. Waya za simu zilitoka kila upande wa mji, Kanyenye, Chemchem, stesheni, hospitali, bomani, na nyingine zilitoka mbali huko Urambo na Sikonge, hata ile ya Kigoma ya kuongea na pwani. Zilipita juu ya nguzo, zikaingia ofisini kwetu na kuishia kwenye ubao mrefu ukutani, waya mbili mbili, kila jozi na pini zake zenye namba. Ubao ule haukuwa na jina la mtu. Ukiutazama uliona waya tu, zote za rangi moja. Kilichosema kwamba jozi hii ni ya hospitali na ile ni ya mwenye duka la vitambaa ni kadi zilizokuwa kabatini. Fundi akitaka kuunganisha swichibodi alisoma kadi, na kadi ikidanganya, mtu ataomba hospitali apewe duka la vitambaa.

Kadi tulizianika uani juu ya mikeka, tukaziwekea vijiwe zisipeperuke. Nyingi zilikuwa zimechuruzika wino. Nyingine zilikuwa zimegandana, na ukizibandua, jina la huyu linabaki mgongoni mwa yule. Karani wetu wa stoo akajitolea kuziandika upya zote. Alikuwa na mwandiko ambao watu walimfuata nyumbani awaandikie kadi za harusi, na alikuwa mchapakazi, sina la kumsingizia hapo. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: hakuweza kuacha nafasi wazi. Mahali wino ulipofutika alikisia, na alichokikisia alikiandika kwa mwandiko ule ule wa harusi. Akaniletea kadi mpya zimepangwa vizuri katika sanduku. Zilipendeza kuliko za zamani, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Nilimuuliza zipi ana uhakika nazo na zipi amebahatisha. Alikasirika. Alisema kama namwona mwongo nimwambie, na kwamba kadi zote ni sahihi, tena safi. Nilimwambia safi naiona, ninayoitafuta ni ile nyingine. Hatukusemezana hadi jioni.

Swichibodi mpya ilikuwa imeshaagizwa zamani, ikalala Dar es Salaam ikingoja zamu yetu, na sasa zamu ilikuwa imefika kwa nguvu ya mvua. Ililetwa kwa treni katika masanduku, pamoja na fundi mkuu wa kuifunga. Nilikwenda stesheni kumpokea. Alikuwa Mzaramo, na mimi Mnyamwezi, kwa hiyo tulikuwa watani kabla hatujaonana. Babu zetu walikuwa wakitembea kutoka Tabora hadi pwani na mizigo mabegani, wakifika huko wamekwisha, na Wazaramo ndio waliowapokea, wakawacheka, wakawazika waliokufa. Tangu hapo tumepeana ruhusa ya kutukanana pasipo mtu kununa. Aliposhuka kwenye behewa, kabla hata ya salamu, akaniuliza kama mimi ndiye mpagazi niliyetumwa kumbebea masanduku. Nilimwambia siku hizi wapagazi tunabeba sauti za watu, na za Wazaramo ndizo nyepesi kuliko zote kwa sababu hazina kitu ndani. Akacheka hadi akashika kiuno.

Tulipoingia ofisini utani ukaisha. Mbele ya mkuu wetu wa ofisi, mzee mpole aliyependa mambo yaende bila kelele, fundi mkuu akaeleza kwamba hana muda mrefu, Kigoma wanamngoja. Atafunga swichibodi, atalehemu waya kwenye ubao, ataondoka. Kikishalehemiwa kimelehemiwa. Kisha akanigeukia. Alisema wakubwa wake wameshapata msimamizi wa kuja Tabora, mwanamume mwenye cheti cha Nairobi, na bwana huyo ameshafungasha mizigo. Swichibodi ikifunguliwa na makosa, atapanda treni, nami nitarudi kaunta ya posta kuuza stempu.

"Mimi nalehemu kama kadi zinavyosema," alisema. "Kadi ni zako, mtani. Zikiwa za uongo, uongo ni wako."

Nilimtazama usoni nione kama anatania. Hakuwa anatania. Nikamwomba jambo moja: wakati yeye anafungua masanduku na kuisimamisha swichibodi, anipe ubao wa waya niikague kila kadi. Akakubali, nadhani kwa kuwa hakuona nitaikagua vipi.

Kazi ile niliifanya na fundi wa nguzo, mzee wa kutoka Nzega ambaye alikuwa amepanda kila nguzo kati ya mji na pori. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniongezea mwangaluka ya Kinyamwezi ili nisijione Mzungu. Tulikuwa na simu ya majaribio, kijisanduku chenye mpini wa kuzungusha na vibanio viwili. Karani alisoma kadi, mzee akabana pini zilizotajwa, mimi nikazungusha mpini, na huko mwisho wa waya kengele ikalia. Simu za wateja zilikuwa na betri zake, hazikuhitaji swichibodi kuitika.

"Samahani, hapo ni mahakamani?" niliuliza.

"Ndiyo," walijibu.

Hapo ni hospitali? Ndiyo, ndiyo. Hapo ni kwa mwalimu mkuu, Chemchem? Ndiyo, karibu. Karani akatia alama ya vyema kila kadi, na kila alama aliyotia alinitupia jicho. Kadi baada ya kadi, hakuna iliyokosea. Zilibaki chache ambazo hazikuitikiwa, lakini wingi ule ulitosha kumfurahisha mtu yeyote. Mkuu wa ofisi akaanza kutunga simu ya maandishi ya kupeleka Dar es Salaam kupitia stesheni, kwamba Tabora iko tayari. Nami nilifurahi, sitaficha. Nilimwomba karani radhi, nikanunua karanga nikawagawia wote.

Kilichoniokoa ni macho mabovu ya yule mzee. Katika zile laini zilizobaki kulikuwa na ya ghala la tumbaku. Karani akasoma, mzee akabana, lakini badala ya pini za ghala akabana za jirani yake. Nikazungusha mpini, nikauliza kama hapo ni ghala la tumbaku.

"Ndiyo, ndiyo, karibu dada," ikajibu sauti, halafu ikakohoa.

Kikohozi kile nilikijua. Kilikuwa cha mwenye duka la vitambaa la Kanyenye, Mhindi mmoja Mwislamu ambaye kila asubuhi kwa miaka nilimuunganisha na ndugu yake wa Mwanza. Nilimwambia nimemtambua, si yeye wa duka la vitambaa? Akasema ndiyo. Nikamuuliza mbona basi amekubali kuwa ghala la tumbaku.

Akakohoa tena. "Dada, mimi mtu wa amani. Siku hizi serikali ikisema duka langu ni ghala, mimi nitabishana na nani?"

Mzee wa nguzo alicheka mpaka akakaa chini. Karani alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeelewa. Sisi watu wa Tabora tumelelewa kukubali. Mgeni akikuuliza kama njia hii ndiyo ya Sikonge, utamwambia ndiyo, ndiyo hii hii, kisha utamgeuza polepole aelekee kwingine. Kumwambia mtu hapana usoni pake ni kukosa malezi, seuze kuiambia ofisi ya serikali iliyopiga kwa sauti ya mwanamke na kusema samahani. Niliwauliza watu swali lenye jibu ndani yake, nao kwa heshima wakanirudishia jibu langu. Alama zote zile za vyema hazikuwa na maana. Tulikuwa tumekagua adabu za mji, kadi hata moja hatujaigusa.

Karani akasema huyo ni mmoja tu, tena Mhindi, hajaelewa Kiswahili. Nilimwambia Kiswahili amekielewa kuliko sisi sote. Nikaenda kwa mkuu wa ofisi, nikamwomba asiipeleke ile simu ya maandishi. Aliuliza kama nina hakika, kwani mambo yalikuwa yamekwenda vizuri. Nilimwambia yamekwenda vizuri mno. Fundi mkuu, aliyekuwa chini ya swichibodi na bisibisi mdomoni, akaitoa na kusema kwamba sasa ameamini, mpagazi anaweza kutembea hadi Bagamoyo halafu akumbuke kuwa mzigo ameuacha Tabora. Nilimpita nikarudi kwenye ubao. Nilikuwa na hasira, nyingi zikiwa za kujikasirikia mwenyewe.

Kesho yake tukaanza upya. Nikaamuru kwamba mimi nisisomewe kadi. Karani akae nyuma ya kiambaza cha mbao kilichokuwa pembeni, na kadi zake, amwambie mzee pini tu kwa kunong'ona, na mimi niseme laini ni ya wapi kwa kumsikiliza mtu anayeitika. Halafu ndipo asome kadi kwa sauti, tuone kama tunakubaliana. Mpango ulikuwa mzuri. Ugumu ukawa ni swali.

Niliuliza, "Hapo ni wapi?" nikajibiwa, "Ni hapa." Hapa wapi? "Hapa hapa." Niliuliza naongea na nani, nikajibiwa, "Na mimi." Mimi nani? "Mimi mwenyewe." Mlinzi mmoja alikasirika kabisa, akaniambia yeye hajanipigia, mimi ndiye niliyempigia, kwa hiyo mimi ndiye nijitaje. Tulipoteza asubuhi nzima namna hiyo, na nyuma ya kiambaza nilisikia karani akihema kwa raha.

Nilikuwa karibu kulia wakati mlinzi mwingine aliponiambia kwa mara ya tatu kwamba yeye yuko hapa. Nikamwambia kwa sauti ya mtu aliyekata tamaa, "Baba yangu, hebu inua macho. Dirishani hapo unaona nini?"

Nikasikia akisogeza kiti. "Naona mabehewa," alisema. "Wanapakia gunia. Kuna mmoja amelalia gunia, hapakii."

Nikasema kwa sauti: stoo ya reli, upande wa uwanja wa mabehewa. Nikamwambia karani asome. Akasoma polepole kwamba kadi inasema mahakama. Mzee wa nguzo akapiga kofi moja pajani. Yule mlinzi ningeweza kumbusu.

Kuanzia hapo hatukusimama. Sijawahi kufanya kazi tamu kama ile, wala sijui kama nitafanya tena. Kumwambia mtu yeye ni nani ni rahisi, atakubali. Lakini dirisha halina adabu, linaonyesha kilichopo. Na watu, waliokuwa hawajui kusema wako wapi, walijua sana kusema wanaona nini. Kule Chemchem mke wa mwalimu mkuu aliona foleni ya ndoo bombani na wanawake wawili ambao, kwa maneno yake, lazima watapigana. Katika ofisi ya ushirika ya Igalula katibu aliona reli, na juu ya reli mbuzi, kisha akaomba samahani akaacha simu ikining'inia aende akawafukuze, kwa kuwa mbuzi walikuwa wake. Mama mmoja wa Kihindu mwenye duka la viungo aliona duka la jirani yake, akaanza kunieleza makosa yote ya jirani huyo tangu mwaka walipohamia, na sikuwa na moyo wa kumkata. Mtu mmoja alikataa kabisa kusema anachoona mpaka ajue nani ametutuma na kwa madhumuni gani. Nikatangaza hapo hapo kwamba hiyo ni ofisi ya chama, na karani akathibitisha.

Habari ilienea mjini. Jioni nikipita Kanyenye watu waliniita toka vibarazani wakinieleza wanachokiona, kwamba wanamwona opereta anapita, amevaa kitenge, amechoka. Nilijivuna kwelikweli.

Karani naye akaanza kubadilika. Kazi ya kukisia laini ilimnogea, akawa anataja yeye kwanza kabla yangu, akikosa anajicheka. Hatukuwa tena tunanuniana. Hata fundi mkuu alikuwa akiacha bisibisi na kuja kuegemea mlango.

Alikuwa ameegemea mlango siku tulipofika kwenye pini ambazo alama ya vyema ilikuwa imetiwa tayari mara moja. Nilizungusha mpini, akaitika mwanamume kwa kupiga kelele, nyuma yake mtambo unanguruma. Nilimuuliza dirishani anaona nini.

"Pumba, dada," alisema. "Mlima wa pumba, na kuku juu yake."

Nikasema: mashine ya kukoboa mpunga. Nikamwambia karani asome. Hakusoma. Akatoka nyuma ya kiambaza na kadi mkononi, akanionyesha. Ilisema hospitali.

Nilimwambia yule mtu wa mashine kwamba siku chache zilizopita tulimpigia tukamuuliza kama hapo ni hospitali, naye akasema ndiyo. Akapunguza sauti, kama vile amegundua kwamba anapaza.

"Nilisikia hospitali," alisema. "Mke wangu yuko huko anangoja kujifungua. Nilijua mnanipa habari, nikasema ndiyo. Mbona mlikata?"

Nilimwambia mkewe hajambo kwa kadiri ninavyojua, jambo ambalo sikulijua hata kidogo, nikaweka mkono wa simu chini. Tukatafuta kadi ya mashine ya mpunga, tukabana pini zake, na aliyeitika alikuwa muuguzi. Dirishani aliona machela imeanikwa juani. Waya za hospitali na za mashine ya mpunga zilikuwa zimebadilishana majina, na katika hesabu yetu ya kwanza zote mbili zilipita. Mtu angezungusha simu usiku kumwita daktari, na kengele ingelia juu ya pumba, mlango umefungwa. Nilimtazama fundi mkuu. Hakuwa na utani wowote usoni.

Karani ndiye aliyekiri. Alisema hizo mbili anazikumbuka, zilikuwa zimegandana. Alizibandua yeye, wino wa hii ukabaki mgongoni mwa ile, akakisia ni ipi ya wapi. Kisha akasema kwamba zilizogandana anazikumbuka zote, na kadi za zamani hakuzitupa, aliona vibaya. Akazileta zimefungwa kwa uzi. Hakuna aliyemlaumu. Tulikaa sakafuni wote wanne, fundi mkuu akiwa amekunja miguu ya suruali yake ya Dar es Salaam, tukapanga zilizogandana mbili mbili, na karibu kila jozi tuliyoijaribu ilikuwa imepishana. Ambazo hazikugandana tulizijaribu pia. Fundi mkuu aliona si lazima. Nilimwambia si lazima kwake, yeye anaondoka.

Kadi za mwisho karani aliziandika tena kwa mwandiko wake mzuri, na safari hii, chini ya kila jina, kwa herufi ndogo, aliandika kinachoonekana dirishani. Sikumwambia afanye hivyo. Nilipoona nilimpa mkono.

Fundi mkuu akalehemu. Siku ya kufungua swichibodi ofisi ilijaa: mkuu wetu amevaa tai, wasichana wamesuka nywele, mzee wa Nzega amevaa viatu. Nilikaa kitini na chombo cha masikio kichwani. Fundi mkuu akachukua sanduku la kadi, akafumba macho, akachomoa yoyote, akaniambia nimuunganishe. Nilichomeka plagi. Akanyanyua simu ya pembeni, akauliza kwa sauti ya kiofisi kabisa, "Samahani, dirishani hapo unaona nini?" Akasikiliza, akatazama kadi, akairudisha. Akachomoa nyingine. Alinitafutia kosa kwa bidii ya mtu anayelipwa kwa kila kosa, akarudia bomani, akarudia Urambo, akajaribu hata stoo ya reli ambako, alituambia, yule mtu bado amelalia gunia. Hakupata. Wasichana wakaanza kupiga makofi kila anaporudisha kadi, na mkuu wetu, mtu asiyependa kelele, akapiga nao.

Kisha mji ukafunguliwa, na vibao vidogo vya swichibodi, vya kuonyesha nani anaita, vikaanguka mbele yetu vyote kwa pamoja. Miongoni mwa wa mwanzo kabisa alikuwa yule wa mashine ya mpunga akiomba hospitali. Nilimpa hospitali. Alipata binti.

Mchana, kelele zilipopungua, fundi mkuu akaingia kwenye chumba kidogo cha simu akaniomba Dar es Salaam, kwa wakubwa wake. Nilimuunganisha mwenyewe. Waya ile ilipita Dodoma na Morogoro, kandokando ya njia waliyoitembea babu zangu kwa miezi, na mimi niliipitisha sauti yake kwa kusogeza mkono. Opereta haruhusiwi kusikiliza mazungumzo ya mteja. Ni amri ya kwanza kabisa tunayofundishwa, na mimi mwenyewe niliwahi kumtoa msichana machozi kwa kuivunja. Siku ile nilisikiliza neno kwa neno.

Mkubwa wa Dar es Salaam aliuliza kazi imekwendaje. Akajibiwa imekwisha, haina kosa. Akauliza yule bwana wa Nairobi aje lini, maana tiketi imeshakatwa, na kaimu wa Tabora ameshaelezwa?

"Tabora hakuna kaimu," alisema fundi mkuu. "Pana msimamizi. Huyo bwana mwambieni afungue mizigo yake."

Machozi yalinitoka bila kuniuliza. Niliyaacha yatiririke, wasichana wakanitazama, nami nikawaambia kwa sauti kubwa nilichokisikia, bila aibu na bila kujali amri. Mzee wa nguzo akapiga kigelegele, mwanamume mzima. Fundi mkuu akatoka chumbani, akakuta ofisi imegeuka harusi, akaelewa mara moja kwamba nilikuwa nimemsikiliza. Akauliza huyu mpagazi analilia nini.

Nilimwambia nalia kwa kumhurumia yeye. Ana safari ndefu hadi Kigoma, kesho yuko kwenye treni na masanduku yake, na kokote atakakofika akitaka kusema na mtu, itabidi kwanza aniombe mimi.